Kiazi kilicholala si kiazi kilichokufa: somo la shilingi 48,000 kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga

Leo nataka tuongelee biashara ya kitu hai ambacho mteja akikipokea anaona kama kimekufa. Mimi nauza mimea ya akwariamu, hasa ile inayoota kutoka kwenye viazi na matunguu, lakini hata kama wewe unauza mbegu, miche, mayai ya kutotolesha au vifaranga, kaa hapa mpaka mwisho. Somo hili nililinunua kwa hela yangu, wewe unalipata bure.

Naishi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwaka juzi mwezi wa sita nilikwenda kwa mjomba wangu upande wa Lituhi. Shambani kwake kuna bwawa ambalo mvua zikiisha maji hupungua mpaka linabaki tope, na humo kumejaa yungiyungi, lile ua la majini lenye majani ya duara yanayoelea. Kwa ruhusa yake nilichimba viazi 20, nikaacha vingi zaidi ya nilivyochukua. Nikavisafisha, nikapiga picha nzuri, nikaweka kwenye stetasi: "Viazi vya yungiyungi kwa akwariamu yako, 3,000 kimoja." Ndani ya siku nne vyote vimeisha. Mwalimu mmoja wa Mbinga alichukua sita, dada mwenye saluni hapo hapo Mbinga akachukua vinne, na kaka mmoja wa Songea akachukua kumi. Shilingi 60,000. Nilijiona tajiri.

Wiki tatu baadaye simu ikaita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Dada, viazi vyako vimekufa. Vipo chini ya maji kama mawe, havina hata jani moja. Mimi sikununua mawe."

Kabla sijapoa, kaka wa Songea naye akatuma ujumbe. Yeye hakuwa na maneno mengi: "Nimevitupa vyote. Nirudishie hela yangu." Nikawarudishia. Mwalimu 18,000, kaka 30,000, jumla 48,000. Zikabaki 12,000 za saluni, na humo nilikuwa nimeshalipa 6,000 za kutuma vifurushi vitatu. Kwa hiyo kwa safari ya Lituhi, kazi ya tope na siku nne za kujibu maswali, nikabaki na shilingi 6,000.

Nikasema ngoja nimpigie dada wa saluni kabla hajanipigia yeye. Nilitaka nimwombe msamaha mapema. Akanijibu kwa furaha: "Aa, mbona vyangu vimetoa majani siku ya tisa tu? Wateja wanaulizia!"

Hapo ndipo nilipokaa chini kufikiri. Viazi ni vya bwawa moja, vimechimbwa siku moja, vimesafiri kwa gari moja, vimefika mji mmoja. Kwa mwalimu vimelala, saluni vimeota. Tofauti iko wapi?

1. Tofauti ilikuwa joto la maji

Mpaka 2012 sisi wa Nyasa tulikuwa wilaya moja na Mbinga, kwa hiyo akilini mwangu Mbinga na Mbamba Bay ni sehemu moja tu. Kwa barabara ni kilomita 66. Lakini zile kilomita 66 ni za kupanda mlima. Uso wa ziwa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,000, na mwezi wa sita na wa saba kule Umatengoni watu wanalala na blanketi mbili.

Nikamwomba mwalimu anipimie maji ya tangi lake asubuhi. Nyuzi 17. Nikamwomba dada wa saluni. Nyuzi 26, kwa sababu tangi lake lina hita, ile fimbo ya umeme inayopasha maji. Ya kwangu hapa Mbamba Bay, bila hita yoyote, yalikuwa 24.

Yungiyungi wetu wa nchi za joto huamka vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 22 na 28. Yakiwa baridi kiazi hakioti, kinangoja. Na hilo ndilo umbile lake. Kule bwawani kiangazi kinapokuja maji hukauka, majani hufa, na kiazi hubaki kwenye tope kimejaa wanga, kimelala mpaka mvua zirudi. Wanga huo ndio uliofanya kusini mwa Malawi, kwenye bonde la mto Shire, watu wachimbe viazi hivi na kuvipika wakati wa njaa, na kule wanaviita nyika. Kwa hiyo mimi niliwauzia watu mmea uliokuwa usingizini, wakauweka kwenye maji ya baridi, halafu sikuwaambia kwamba unaweza kulala miezi.

Kosa halikuwa la mwalimu. Lilikuwa langu. Niliuza kiazi bila maelezo.

2. Jua unachouza: kiazi au tunguu?

Kwenye biashara hii watu wengi wanasema "viazi" kwa kila kitu cha duara kinachochipua majini. Ukikosea hapa utamwelekeza mteja vibaya.

Yungiyungi, ambaye jina lake la kitaalamu ni Nymphaea, anatoka kwenye kiazi. Ukikikata ndani kimejaa kama kiazi cha kula. Aponogeton naye anatoka kwenye kiazi kidogo. Aina nyingi zinazouzwa zinatoka Sri Lanka na Madagaska, na nyingine zina tabia ile ile ya kupumzika: zinaota kwa nguvu miezi kadhaa, halafu majani yanaisha na kiazi kinalala.

Crinum ni kitu kingine. Huyu ana tunguu halisi, lina matabaka kama kitunguu cha jikoni, na majani yake ni marefu kama utepe. Crinum thaianum, anayetoka Thailand, ndiye anayeuzwa zaidi kwa watu wenye matangi makubwa. Yeye halali, anaendelea kuwa na majani mwaka mzima, ila hukua polepole.

Tahadhari mbili kuhusu Crinum. Ya kwanza, tunguu lake lina sumu likiliwa, na kwa macho linafanana na kitunguu. Usilitume bila kuandika wazi kwenye kifurushi "SI CHAKULA", na mwambie mteja aliweke mbali na watoto na jikoni. Ya pili, hapa Tanzania kuna Crinum wa porini wanaoota kwenye majaruba na mabonde yenye unyevu. Wale ni wa nchi kavu yenye maji ya msimu. Ukiwazamisha moja kwa moja ndani ya akwariamu wataoza. Usimuuzie mtu.

3. Pima uhai kabla hujapokea hela

Siku hizi hakuna kiazi kinachotoka kwangu bila kupita vipimo vitatu.

Cha kwanza ni vidole. Kibonyeze taratibu. Kizima ni kigumu kama njugu mbichi. Kilichooza kinabonyea na kutoa maji.

Cha pili ni pua. Kizima kinanuka tope la kawaida. Kilichooza kinanuka yai viza, na hapo hakuna mjadala, tupa.

Cha tatu ni maji, na hapa wengi wanadanganyika. Ukikiweka kwenye maji kikaelea, usiseme kimekufa. Kiazi kilichokauka kinaweza kuelea siku moja au zaidi mpaka kinywe maji, ndipo kizame. Kiache. Kikishazama, kikawa kigumu na hakinuki, kiko hai.

Nikimaliza vipimo naviamsha hapa hapa nyumbani kabla ya kuuza. Chukua chupa pana ya kioo au ndoo nyeupe, weka maji safi, weka viazi bila mchanga wala udongo, weka sehemu yenye mwanga lakini si jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kwa joto letu la ufukweni, vingi vinatoa ncha nyekundu au ya kijani ndani ya wiki moja hadi tatu. Nikiona ncha, napiga picha yenye tarehe. Ndiyo ninayomtumia mteja.

Unaona faida ya kukaa ufukweni? Joto ambalo mwenzangu wa Mbinga anapaswa kulilipia umeme, mimi ziwa linanipa bure. Kila mfanyabiashara ana kitu cha namna hiyo mahali alipo. Kitafute.

4. Maelekezo ya kupanda, maana hapa ndipo viazi vingi vinauawa

Nilipomhoji mwalimu vizuri niligundua jambo la pili. Vinne kati ya vile sita alivifukia kabisa mchangani, kama anavyopanda mihogo. Viwili vilimshinda kufukia vikabaki juu. Kumbuka hilo, nitalirudia mwishoni.

Kiazi cha akwariamu hakifukiwi. Kukifukia chote ni kukiozesha, kwa sababu kule chini ya mchanga hewa ni kidogo. Mwambie mteja hivi:

Weka kiazi juu ya mchanga, kibonyeze kidogo tu ili kisitembee, theluthi moja ndani na sehemu inayobaki nje. Ncha ya kuchipua iangalie juu. Kama hujui juu ni wapi, kilaze ubavu, chenyewe kitajipanga.

Tunguu la Crinum nalo ni hivyo hivyo: mizizi ndani ya mchanga, shingo na sehemu kubwa ya tunguu nje. Ukifukia shingo linaoza kuanzia katikati.

Chini ya mchanga wa sentimita tano unaweza kuweka tabaka dogo la udongo wa mfinyanzi, kwa sababu mimea hii inakula kwa mizizi. Usiweke samadi. Samadi ndani ya tangi inachafua maji na kuua samaki.

Mwanga wa taa ya LED saa 8 kwa siku unatosha kuanzia. Jua la moja kwa moja linaleta mwani, ule ukijani unaoganda kwenye kioo, na mteja atakulaumu wewe.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia.

Kisha mwambie na hili: yungiyungi akishakomaa hutuma majani juu ya maji. Yakifunika uso wote, mimea ya chini inakosa mwanga. Anayetaka majani mazuri ya ndani ya maji akate majani yanayokimbilia juu, akate karibu na shina, na mmea utarudi kutoa ya chini. Anayetaka maua aache machache yaelee.

5. Kiazi kimoja kinaweza kukupa miche minne

Sasa tuje kwenye hela.

Kiazi cha yungiyungi kikichipua, kile kichipukizi kinakuwa mche mdogo wenye majani yake na mizizi yake. Ukifikisha majani manne au matano na mizizi ya urefu wa kidole, unaweza kuutenganisha na kiazi kwa kubana pale vinapoungana na kuuvuta taratibu. Mche unaendelea kuishi peke yake. Kiazi nacho, kama bado ni kigumu, kinarudi kutoa chipukizi jingine.

Mwaka jana nilijaribu kwenye viazi vichache. Kimoja kilinipa miche minne kabla hakijaisha nguvu. Mche mmoja nauza 5,000, kwa hiyo kiazi ambacho zamani ningekiuza 3,000 kimenipa 20,000. Siyo kila kiazi kinafika minne. Vingine vinatoa mmoja na kuchoka. Lakini hata kikitoa miwili bado umeshinda.

Faida kubwa zaidi siyo hiyo hela. Ni kwamba mteja anapokea kitu chenye majani. Haulizi "mbona kama jiwe?" Anaona kijani, anafurahi, anapiga picha, anawaonyesha wenzake. Malalamiko yangu yamepungua sana tangu nilipoacha kuwauzia wanaoanza viazi vilivyolala. Viazi vilivyolala nawauzia wazoefu tu, na kwa bei ya chini.

Na bwawa la mjomba sasa nakwenda mara moja kwa mwaka, nachimba vichache. Ungekuwa kila oda unachimba, ndani ya misimu miwili bwawa limebaki tope tupu na biashara imeisha.

6. Uliza mteja ana samaki gani

Hili swali ni la lazima. Ziwa letu lina mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi, na wengi wao hawapatikani kwingine duniani. Wale wa kwenye miamba wanajulikana kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa jina la hapa hapa ziwani, mbuna. Ni wazuri, lakini kwa bustani ya majini ni kama mbuzi kwenye shamba la mchicha. Wanakwangua mwani kwenye mawe, wanachimba mchanga, na jani laini la yungiyungi hawaliachi.

Mteja mwenye mbuna usimuuzie yungiyungi. Mwambie ukweli. Crinum ana majani magumu, samaki wengi hawamtaki, na anavumilia maji ya ziwa ambayo pH yake ni kama 8. Abane tunguu kwa mawe pembeni ili lisifukuliwe. Mwenye gapi na samaki wengine wadogo wapole, huyo ndiye wa yungiyungi na Aponogeton.

Nimewahi kukosa oda ya 25,000 kwa kumwambia mteja "hii haikufai". Aliniletea wateja wengine wawili.

7. Konokono: hapa naomba usome mara mbili

Mmea wowote uliotoka bwawani, mtoni au ziwani unaweza kuja na konokono, na kwetu huku konokono siyo suala la usafi tu. Kuna konokono wa maji baridi wanaobeba vimelea vya kichocho, na kichocho kipo kwenye vijiji vya ufukwe wa Ziwa Nyasa. Vimelea hutoka kwenye konokono, huogelea majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu. Ukituma mmea wenye konokono mwenye vimelea, umempelekea mteja ugonjwa ndani ya ndoo yake.

Mimi nafanya hivi. Navaa glavu ndefu za mpira tangu bwawani. Natoa majani yote ya zamani, kwa sababu mayai ya konokono hujificha chini ya jani kama ute unaong'aa. Napiga kiazi brashi laini, naangalia kila shimo. Kisha nakiweka kwenye ndoo ya maji safi na kukitenga siku 14, nikibadilisha maji na kukagua kila mara. Nikiona konokono hata mdogo kama kichwa cha kiberiti, namtoa na naanza kuhesabu siku upya. Vimelea vilivyoko majini bila konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi, ndiyo maana kumwondoa konokono na kusubiri ndiko kunakosaidia.

Maji machafu ya ndoo nayamwaga kwenye ardhi kavu yenye jua, mbali na mfereji. Na kama umekuwa ukiingia majini bila kinga, nenda zahanati ukapime. Dawa ipo.

8. Kufunga mzigo

Kiazi au tunguu: futa maji, zungushia gazeti lenye unyevu, siyo linalochuruzika. Weka kwenye mfuko wa plastiki wa kufungashia ukiwa na hewa kidogo, halafu kwenye boksi gumu. Ukiweka ndani ya maji kitaoza njiani.

Mche wenye majani: zungushia gazeti lenye unyevu kuanzia mizizi mpaka majani, weka kwenye mfuko uliojaa hewa, funga. Siku mbili hadi tatu gizani unavumilia. Basi la Dar linalotoka Songea alfajiri linafika usiku, kwa hiyo uko salama, mradi mteja achukue kesho yake. Mimi situmi mzigo Ijumaa, kwa sababu ukichelewa unalala ofisi ya basi Jumamosi na Jumapili.

Andika juu ya boksi: MIMEA HAI, USIWEKE JUANI. Msisitize na mtu wa vifurushi kwa mdomo. Mpe heshima yake, mwite kwa jina, siku ya shida atakusaidia.

9. Kalenda na ujumbe wa mteja

Nimejiwekea kalenda. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu nauza kila mahali, Mbinga na Songea pamoja, kwa sababu hata milimani kuna joto. Kuanzia wa tano mwishoni mpaka wa nane, mteja wa milimani namuuliza kwanza kama ana hita. Kama hana, namwambia asubiri mwezi wa kumi, au anunue hita. Kwa tangi la lita 60, hita ya wati 60 hivi inatosha. Kipindi hicho nasukuma mauzo ya Dar, ambako ni joto.

Na kila mzigo unaondoka na ujumbe huu. Uchukue, ubadilishe kulingana na bidhaa yako:

"Asante kwa kununua. Mmea wako uko hai, picha ya leo hii hapa. Maji yako yawe nyuzi 22 mpaka 28. Usifukie kiazi. Wiki ya kwanza majani mawili matatu yanaweza kunyauka, ni uchovu wa safari, usiung'oe. Nitumie picha siku ya 7 na siku ya 21. Ukifuata maelekezo na mmea ukafa ndani ya siku 21, nakutumia mwingine bure. Ukichoka na mmea huu usiutupe mtoni wala ziwani. Ukaushe juani kisha uchome."

Ile ahadi ya siku 21 inatisha ukiiandika mara ya kwanza. Lakini zile picha za siku ya 7 zinakuonyesha tatizo mapema. Nikiona kiazi kimefukiwa, napiga simu hapo hapo: "Dada, kitoe kidogo juu." Simu ya dakika moja inaokoa 5,000.

10. Usiutupe ziwani

Hilo la mwisho kwenye ujumbe siyo urembo. Gugu maji lililoziba bandari na fukwe za Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani na watu waliolipenda kwa ua lake zuri, likafugwa kwenye mabwawa ya mapambo, likatoroka. Wavuvi wa kule wamepambana nalo miaka na miaka.

Sisi tunaouza mimea ya mapambo ndio mlango wa kitu kama hicho. Ziwa Nyasa ni usipa wetu, mbasa wetu, maji yetu ya kunywa. Yungiyungi wa kwetu hana shida kubwa, ila mmea wa nje, hata uwe mzuri namna gani, maji yake ya tangi yasifike mtoni. Na usiingize mimea kutoka nje ya nchi kwenye begi. Kibali kipo, ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Waulize kwanza.

Mwisho wa habari ya mwalimu

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi. Nimeshasahau. Picha ikaingia kutoka kwa mwalimu, bila maneno: tangi, mchanga, na katikati majani mawili mekundu ya ukubwa wa sarafu. Kumbe vile viazi viwili alivyoshindwa kufukia hakuvitupa. Joto lilipopanda, vikaamka vyenyewe. Vile vinne vilivyofukiwa alivitoa vimeoza.

Nikampigia. "Shikamoo mwalimu, hongera."

"Marahaba. Ulinirudishia hela, na viazi vimeota. Sasa mimi nina deni."

Nikamwambia hana deni, mimi ndiye sikumfundisha. Hakurudisha ile hela na sikuidai. Aliagiza miche mitatu, na baadaye shule yake ikaweka tangi darasani, nao wakanunua kwangu.

Kaka wa Songea hakurudi tena. Viazi vyake kumi vilikwenda jalalani, na naamini vingi vilikuwa hai. Nikikumbuka, kinachoniuma siyo ile 30,000. Ni kwamba ujumbe mmoja wa mistari mitatu, "vimelala, subiri joto, usitupe", ungeokoa viazi na ungeniachia mteja.

Kwa hiyo leo kabla hujatuma mzigo wowote, jiulize: mteja wangu akikifungua hiki, ataona nini kitakachomtisha, na nimeshamwambia kabla hajakiona? Andika jibu, liweke ndani ya boksi. Ukimjua mwenzako anayeuza kitu hai, mtumie somo hili.